Nakabwa na jinamizi, naota vibaya au napoteza fahamu?

Msomaji wa Tanga kaniuliza hivi: "Shikamoo mwalimu, usiku huwa nashtuka macho yapo wazi, chumba nakiona, ila siwezi kujigeuza wala kuita mtu, na kifuani kama kuna kitu kimenikalia. Nikienda kwa daktari niseme napoteza fahamu au naota ndoto mbaya?"

Marahaba mwanangu. Usiseme hilo wala hilo, hilo ni jinamizi, na Kiswahili chake ni "nakabwa na jinamizi" (ngeli ya li-ya, kwa hiyo jinamizi *la*, sio *ya*).

Aliyepoteza fahamu ni aliyezimia, unamwita unamtikisa hasikii, sasa ukimwambia daktari hivyo ataanza kukuuliza habari za kifafa na kuanguka, kumbe wewe fahamu zako zote unazo, hadi feni unaisikia, mwili ndo bado haujaamka. Usingizi unakwenda kwa mizunguko, kila mmoja kama dakika 90 hivi, na ndani yake kuna kipindi macho yanachezacheza chini ya kope, hiki watafiti Aserinsky na Kleitman wa Chuo Kikuu cha Chicago walikieleza mwaka 1953, na hapo ndo ndoto zinakolea kwelikweli, kwa hiyo ubongo unailegeza karibu misuli yote tusije tukainuka kufanya tunayoyaota, yanabaki macho na pumzi. Ukiamka kabla misuli haijarudishiwa nguvu, ndo unakabwa.

Ndoto mbaya unaiota umelala. Magazeti yakiandika "jinamizi la madeni" sina ugomvi nayo, ila imefanya vijana wengi wadhani jinamizi ni ndoto ya kutisha tu basi, halafu wakitaka kuitaja hali yenyewe wanaanza kutunga "kupooza kwa usingizi" wakati neno tulikuwa nalo siku zote, na hili linaniuma sana. Kuweweseka nako ni kingine, mtu anabwabwaja na kutapatapa usingizini, au ana homa kali, asubuhi hakumbuki, mnaolala naye ndo mnamsimulia.

Mwaka 1995 Pemba na Unguja ilipovuma habari ya Popobawa, jini lililosemwa kuwavamia watu usiku, watu walilala nje kwa makundi, na wapo watafiti walioihusisha na jinamizi kwa sababu masimulizi yanafanana, kubanwa kifua, sauti haitoki. Walichokihisi walikihisi kweli, hofu ile si ya kuchekwa.

Na ukiulizwa usingizi wako ukoje usijibu "mbaya" tu, sema kama unapata lepe tu, yaani usingizi kidogo, kama ni wa mang'amung'amu unasikia kila kitu, au unalala usingizi wa pono, yaani mzito. Mwambie: "Nakabwa na jinamizi, alfajiri, nikiwa nimelala chali", kisha mtajie kama unakoroma mpaka pumzi inakatika, au mchana unasinzia hata ukiwa kazini.