Jibu: Kuwafundisha madaktari wa wachanga kupima moyo kwa ultrasaundi

Daktari, umeuliza kama madaktari wa wodi yako ya wachanga hapo Mwanza wanaweza kujifunza kipimo hiki bila kuwa mabingwa wa moyo. Wanaweza, ila waanze na mioyo mizima ya watoto waliotulia. Probu, kifaa cha mkononi kinachotoa mawimbi ya sauti, iwe ya megahezi 8 hadi 12. Jeli ipashwe joto kidogo; ya baridi humpoza njiti haraka. Waanzie chini ya kifua, wakipitia kwenye ini, wasikandamize. Wengi hukosea kwenye Dopla, sehemu inayopima kasi ya damu: mwale wa ultrasaundi ukiachana na mkondo wa damu kwa zaidi ya nyuzi 20, kasi husomeka ndogo kuliko ilivyo. Picha za kwanza za kila mtoto azipitie bingwa wa moyo wa watoto, hata kwa video. Mtoto aliyegeuka rangi ya bluu asiyepata nafuu kwa oksijeni asisubiri mwanafunzi.