"Mbona Kiswahili chako kizuri hivyo?" Je, hilo ni tusi?

Msomaji mmoja ameniandikia hivi:

"Mwalimu, shikamoo. Kazini kwetu yuko mwenzetu mwenye asili ya Asia. Kiswahili ndicho alichokulia. Juzi mkuu mpya wa kitengo alimsikia akizungumza kikaoni, akamwambia mbele yetu sote: 'Mbona Kiswahili chako kizuri hivyo? Kwani unatoka wapi hasa?' Mwenzetu alinyamaza, lakini tulipotoka akasema: 'Amenitukana.' Mkuu akashangaa, maana kwake ile ilikuwa sifa. Jioni akaandika kwenye kundi letu la simu: 'Kama kuna aliyekwazika, samahani.' Sasa tumegawanyika. Je, lile lilikuwa tusi? Kama si tusi, kwa Kiswahili liitwe nini? Na ule msamaha umekaa sawa?"

Marahaba. Nianze na jepesi: hapana, si tusi. Tusi lina sura yake. Mtu akitukanwa, hata mpita njia asiyewajua wahusika hutambua. Ndiyo maana tunasema fulani "ameporomosha matusi"; ni kitu kinachosikika na kila mwenye masikio. Kauli ya mkuu wenu haiko hivyo. Mpita njia angesikia sifa tupu. Mwenzenu alipata maumivu ya kweli, akashika neno lililokuwa karibu, na neno lenyewe likamponza. Badala ya kuzungumzia kilichompata, mkaanza kubishania maana ya tusi. Ubishi wa namna hii huishia hapo mara nyingi: upande mmoja ukionyesha kwamba hakuna neno chafu lililotamkwa, hudhani shauri limekwisha. Halijaisha. Kwamba neno si tusi hakulifanyi kuwa jema.

Jambo lenyewe limechunguzwa kwa muda mrefu. Mwaka 1970 Chester Pierce, Mmarekani mweusi aliyekuwa daktari wa magonjwa ya akili na mwalimu wa Chuo Kikuu cha Harvard, alilipa jina la kitaalamu kwa Kiingereza: microaggression. Hoja yake ilikuwa kwamba ubaguzi mwingi haumfikii mtu kwa vishindo. Humfikia kwa vitu vidogo, maneno na vitendo ambavyo kila kimoja ukikitazama peke yake unaweza kukipuuza, ila vikirudiwa kila siku mwili na moyo huchoka. Mwaka 2007 Derald Wing Sue, mwanasaikolojia wa Chuo Kikuu cha Columbia, na wenzake walilipanua wazo hilo na kukusanya mifano. Miongoni mwake mmoja ungeweza kuandikwa na wewe: Mmarekani mwenye asili ya Asia kuambiwa kwamba Kiingereza chake kizuri, na kuulizwa ametoka wapi.

Sue alisimulia pia kisa chake mwenyewe. Yeye, mwenye asili ya Asia, na mwenzake Mmarekani mweusi walipanda ndege ndogo kutoka New York kwenda Boston. Mhudumu akawaambia wakae popote, nao wakakaa mbele. Baadaye wakaingia wanaume watatu weupe waliovaa suti, wakaketi mbele yao. Ndege ilipokaribia kuondoka, mhudumu aliwaomba Sue na mwenzake wahamie nyuma ili uzito usawazike. Wakahama, ila Sue hakutulia. Baadaye alimwuliza mhudumu kwa nini hakuwahamisha waliokuja mwisho. Mhudumu alikasirika sana. Alisema yeye haoni rangi ya mtu, na kwamba alitaka tu kusawazisha ndege na kuwapa nafasi zaidi.

Nakitaja kisa hiki kwa sababu ugumu wote umo ndani yake. Ndege ndogo husawazishwa uzito kweli. Mhudumu huenda hakuwa na nia mbaya hata chembe. Na bado swali la Sue linabaki pale pale: kati ya abiria wote, kwa nini jicho liliwaangukia hawa?

Sasa jina. Ukilitamka neno la wataalamu kwa sauti zetu unapata maikroagresheni, neno refu lisilomwambia kitu asiyelijua tayari. Siliungi mkono. Wapo pia wanaotafsiri "uchokozi mdogo", na hapo nakataa kabisa. Mchokozi anajua anachokoza. Vivyo hivyo kijembe, kejeli, kebehi na masimango: yote hutoka kwa mtu aliyekusudia. Mkuu wenu hakupiga kijembe. Kumwambia kwamba alipiga ni kumsingizia, naye atakuwa na haki ya kukataa.

Mimi natumia dharau ndogondogo, na panapohitajika ufafanuzi, dharau ndogondogo za kibaguzi. Dharau inaweza kukaa ndani ya mtu bila yeye kujijua. Twasema "ana dharau" kama tabia, hata akiwa mpole wa sauti. Na huku kurudufisha, ndogondogo, hakuonyeshi udogo peke yake. Tukisema shida ndogondogo, watu husikia pia kwamba ni nyingi, zimetapakaa, haziishi. Hicho hasa ndicho Pierce alichokuwa akikisema.

Lakini dharau hiyo imekaa wapi katika sentensi ya mkuu? Wengi hupekua nomino na vivumishi, wakikuta "Kiswahili" na "kizuri" wanasema hakuna kosa. Waangalie vile vineno vidogo. "Kwa nini umechelewa?" inauliza sababu. "Mbona umechelewa?" inauliza sababu na papo hapo inasema: nilitegemea uwahi. "Mbona huli?" yaani nilidhani utakula. Basi "Mbona Kiswahili chako kizuri?" inabeba ndani yake sentensi ya pili ambayo hakuna aliyeitamka: nilitegemea kiwe kibaya. Mkuu alikuwa hajawahi kumsikia mwenzenu akizungumza. Alichokuwa amekiona ni uso. Tegemeo lile lilitoka usoni, halikuwa na pengine pa kutoka.

"Hasa" nayo ina kazi mbili. Mtu akikuambia ametoka pwani, unaweza kumwuliza "wapi hasa?" ukitaka kujua mji. Hapo hakuna ubaya. Ila mkuu alianza na "kwani", kisha akatia "hasa" kabla mwenzenu hajajibu lolote. Jibu la kwanza lilikataliwa kabla halijatolewa. Angesema "hapa hapa", lingefuata "hapana, asili yako". Mwenye kuulizwa hivyo mara moja anaweza kucheka. Anayeulizwa hivyo katika nchi yake tangu shule ya msingi anasikia kitu kimoja tu: wewe ni mgeni wetu.

Ongeza na "lakini". "Ni mweusi lakini msafi" ni sentensi ambayo Waafrika wengi walioishi ughaibuni wameisikia kwa lugha moja au nyingine, na hakuna anayehitaji kufundishwa sumu yake. Ongeza "wewe si kama wenzako", sifa inayomwinua mmoja kwa kuwakanyaga wengi. Nasisitiza hili kwa sababu sisi tunaotumia Kiswahili tumezoea kujiona upande wa wanaobaguliwa tu, na ni kweli tumebaguliwa vikali. Hata hivyo lugha yetu ina zana zote za kumfanyia mwingine vilevile, na tunazitumia kila siku.

Kuna swali jirani ambalo huletwa kwangu mara kwa mara: je, Mzungu, Mhindi, Mchina, Mwarabu ni maneno mabaya? Hapana, ni majina ya kawaida. Yanageuka pale unapomjua mtu jina lake, mmefanya naye kazi mwaka mzima, na bado ni "wewe Mchina, hebu njoo". Hapo umemnyang'anya jina ukamwachia kabila. Na yule anayesema "kale kachina" amekwenda mbali zaidi, maana amemtoa mtu katika ngeli ya watu. Hilo silihitaji kulipima. Ni dharau wazi.

Nirudi kwenye mgawanyiko wenu, kwa kuwa ndiko lugha inakoweza kusaidia zaidi. Kiswahili hutenganisha tendo na athari kwa kiungo kidogo tu cha kitenzi. Kuna kukwaza na kukwazika, kuudhi na kuudhika, kukera na kukereka, kuumiza na kuumia. Cha kwanza kina mtendaji. Cha pili kinaeleza hali ya aliyefikwa, kikanyamaza kuhusu mtendaji. Kikombe kimevunjika, nani alikivunja, sentensi haisemi.

Tazama sasa nani alichukua kitenzi gani. Aliyeumia alisema "amenitukana", kitenzi cha mtendaji chenye nia mbaya ndani yake, na nia ndicho kitu pekee asichoweza kukithibitisha. Aliyesema akajibu "aliyekwazika", kitenzi kisicho na mtendaji, ilhali mtendaji ni yeye na anajijua. Kila mmoja amechukua cha mwenziwe. Wangebadilishana, mazungumzo yangeweza kuanza. Mwenzenu angesema: "Nimekwazika", au "Neno lako limenichoma." Hakuna wa kumbishia, kwani maumivu ni yake, na kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Mkuu naye angesema: "Nimekukwaza." Nia yake inabaki salama, hakuna aliyemwita mbaguzi, na tendo limepata mwenyewe.

Hapo simwambii aliyeumizwa awe mpole milele. Mtu akishaelezwa kwamba neno lake linachoma, kisha akalirudia wiki inayofuata, sasa anajua. "Ananidharau" itakuwa kauli sahihi kabisa, na ikizidi hapo, "ananibagua".

Wapo wasomi wanaoona wazo zima limelegea. Scott Lilienfeld, mwanasaikolojia wa Chuo Kikuu cha Emory, aliandika mwaka 2017 kwamba mipaka yake haieleweki, kwamba linategemea mno hisia za aliyeguswa, na kwamba ushahidi haujatosha kwa madai makubwa yanayotolewa. Alilalamikia pia lile neno la shari, aggression, lililomo ndani ya jina la Kiingereza, kwa kuwa linamtwika msemaji nia asiyokuwa nayo. Katika hili la mwisho nakubaliana naye, na ndiyo sababu ile ile ya kukataa "uchokozi". Pia ni kweli kwamba kauli moja humchoma huyu na kumpita yule. Watu wawili wa asili moja, umri mmoja, wanaweza kuulizwa "unatoka wapi?" mmoja akafurahi kusimulia, mwingine akanuna. Wote wawili wako sawa.

Ila kutofautiana huko hakuniambii kwamba hakuna kitu. Kunaniambia nisitafute jibu ndani ya sentensi pekee. Nauliza: je, msemaji angemwambia hivi kila mtu? Mkuu wenu alisikia watu kadhaa wakizungumza katika kikao kile. Kama wote aliwasifia Kiswahili chao na wote akawauliza wanatoka wapi, basi ni mtu wa kupenda maongezi, na mwenzenu ataweza kuliona hilo. Kama aliulizwa mmoja tu, mwenye uso tofauti, hapo dharau ipo, hata kama moyoni mwa msemaji kulikuwa na mapenzi mema matupu.

La mwisho, msamaha. "Kama kuna aliyekwazika, samahani" umejificha mara tatu. "Kama" inatia shaka kwamba kuna lililotokea. "Kuna aliye-" inamfuta mtu ambaye wote mnamjua kwa jina. Na "-kwazika" inamfuta aliyesema. Kiswahili kina kitenzi kimoja kinachofunua yote hayo kwa pamoja: nimekukwaza. Ni- ndiye aliyetenda, -me- yaani limekwisha kutendeka, -ku- ndiye aliyetendewa. Asiishie kwenye "pole" pia, maana pole hupewa hata mtu aliyenyeshewa na mvua. Amwambie: "Nilipokuuliza vile nimekukwaza, niwie radhi." Na kwa kuwa kauli yake aliitoa kikaoni, mbele ya watu, haya nayo ayaseme kikaoni, kwa mdomo wake, akimtaja mwenzenu jina.