Kabla hujamwandika mtoro: kwa mwalimu mpya wa pwani ya Bagamoyo

Mwaka wangu wa kwanza Bagamoyo nilikuwa naita majina asubuhi, asiyeitika namwekea alama nyekundu, mwisho wa mwezi napeleka jumla kwa mwalimu mkuu. Basi. Sikuwahi kulifungua daftari la mahudhurio nikalisoma kama mtu anavyosoma barua. Nilipokuja kulisoma niligundua kwamba zile alama nyekundu zina ratiba yake, na ratiba hiyo haikutoka wizarani. Imetoka kwenye mwezi.

Kwa hiyo wewe uliyepangiwa shule za huku, iwe Kaole, Mlingotini au pale mjini Dunda, kazi yako ya kwanza ni hii: chukua kalenda inayoonyesha mwezi mwandamo, iweke pembeni ya daftari la mwaka uliopita. Usimuulize mtu kitu kwanza. Angalia tu.

Utaona wavulana, hasa wa darasa la nne kwenda juu, wanapungua siku za giza. Dagaa huvuliwa kwa taa, na mbalamwezi ikiwaka taa haina kazi, hivyo boti hutoka usiku usio na mwezi na kurudi alfajiri. Dagaa hao hawasubiri. Wachemshwe, waanikwe, wageuzwe, na mikono ya mtoto ni mingi na ya bei rahisi. Mwezi ukipevuka boti zinapumzika, wavulana wanarudi darasani, na wewe unajisifu ofisini kwamba kikao cha wazazi kimezaa matunda. Kimezaa nini! Ni mbalamwezi hiyo.

Wasichana wana yao. Wao hukosa wakati wa bamvua, maji yanapojaa na kupwa kupita kawaida, na bamvua ni mara mbili kwa mwezi, mwezi unapoandama na unapopevuka. Huku kwetu bamvua likipwa, maji huwa mbali kabisa mnamo saa nne asubuhi, saa ileile unapofuta ubao uanze hisabati. Ndiyo saa ya mama kushuka kwenye shamba lake la mwani, au kwenda kutafuta pweza na chaza kwenye miamba. Kitoto cha miezi minane hakiwezi kukaa juani saa tatu nzima, kwa hiyo kinabaki na dada yake wa darasa la tatu. Siku tatu, nne, kisha maji yanakuwa mafu, hayapwi mbali tena, binti anarudi, na baada ya wiki mbili kiti kiko wazi tena. Hata ukitoa Jumamosi na Jumapili, huyu anakosa karibu robo ya masomo, halafu akifika upimaji wa darasa la nne tunashangaa kwa nini amepata alama mbaya. Tunasema hana akili.

Nilipoyajua hayo nilikwenda kuongea na akina mama nikiwa na suluhisho mfukoni. Nilifika alasiri, wako chini ya mkungu wanafunga tai tai, vile vikamba vidogo, kwenye kamba kwa ajili ya mwani. Nikawaambia, kwa nini watoto wadogo wote msiwaweke kwa bibi mmoja siku za bamvua, hawa mabinti waje shule? Wakacheka. Mmoja akaniuliza, "Mwalimu, na huyo bibi atakula nini siku hiyo?" Sikuwa na jibu, nikaaga. Baada ya miezi kama miwili waliamua wenyewe: kila anayeacha mtoto anaacha na kibaba cha unga na chochote kilichopatikana majini. Bibi mmoja, watoto sita, ukumbi wa nyumba moja. Mabinti wanne kati ya watano niliokuwa nikiwafuatilia wakaanza kuonekana. Wa tano mama yake alikuwa hasemezani na yule bibi kwa ugomvi wa kiwanja, na hapo mimi sikuwa na la kufanya.

Hata hivyo si kila mama atapata bibi. Kwa hiyo badilisha na wewe. Usianze mada mpya siku za bamvua na giza. Sehemu, kugawanya kwa tarakimu mbili, mada kama hizo anza maji yakiwa mafu, siku za bamvua rudia na toa mazoezi. Ni jambo la kupanga kwenye andalio lako la somo, halikugharimu hata chaki moja ya ziada.

Sasa sare. Elimu bila malipo ilianza Januari 2016, na ni kweli ada hakuna. Lakini shati, daftari, kalamu na viatu bado ni vya mzazi. Kosa langu kubwa kuliko yote nililifanya mstarini, nikiwa mwalimu wa zamu: nilimrudisha nyumbani mtoto aliyekuja na kandambili, nikamwambia asirudi bila viatu. Alitii. Hakurudi bila viatu, na viatu havikupatikana. Miaka kadhaa baadaye nilimkuta sokoni pale ufukweni akipara samaki wa watu, mikono imejaa magamba. Akaniamkia kwa adabu zote, "Shikamoo mwalimu," akakataa kuchukua hela ya kupara samaki wangu.

Tangu hapo nina mfuko wa salfeti kabatini. Darasa la saba wakimaliza mtihani Septemba nawaomba sare zao. Atakayehitaji nampa baada ya wenzake kutoka, hakuna mkutano, hakuna makofi. Wapo wageni wenye moyo mzuri wanaoleta viatu kisha wanawapanga watoto wapigwe picha navyo. Mtoto akishapigwa picha hiyo, darasa zima linajua viatu vya nani ni vya msaada, na viatu hivyo vitabaki nyumbani. Nimeona.

Na wakati wa masika tazama mashati. Mwenye shati moja hulifua usiku, na mvua ya Aprili hailikaushi. Akikosa Jumanne na Alhamisi si mgonjwa. Shati bado bichi. Mruhusu aje na fulana. Mwalimu mkuu akiuliza, mweleze.

Mvulana akirudi baada ya siku zake za dagaa, saa ya kwanza ndiyo ya hatari. Mzaha wa "mvuvi kafika" unatosha kumrudisha pwani. Mimi nilikuwa na mmoja wa darasa la nne, anasinzia, kwenye hisabati anapata mbili kwa kumi. Siku moja, badala ya kumwamsha, nilimuuliza ndoo ya dagaa leo ilikuwa bei gani. Akasema elfu ishirini na tano. Inatoa sado (yale makopo ya kupimia) ngapi? Tano. Sado unauza? Elfu saba. "Basi umepata ngapi?" Hata hakutazama juu: "Elfu kumi, ila sado ya mwisho haijai, toa elfu mbili." Nikaandika yote ubaoni kwa alama za kuzidisha na kutoa, jina lake juu. Alikuwa akifanya hesabu hiyo kila siku bila kujua kuwa ndiyo ileile anayoikosa daftarini. Sitakudanganya kwamba alianza kupata kumi kwa kumi. Alifika sita, na aliacha kukaa nyuma.

Ukitaka kujua kama tatizo liko nyumbani au liko kwako, muulize ustadhi. Watoto wengi wa huku jioni huenda chuoni kusoma Kurani. Mtoto asiyeonekana shule wala chuoni, nyumbani kuna shida: njaa, ugonjwa, au amepelekwa kwa ndugu. Lakini kama chuoni anakwenda kila siku na shule haji, jiulize nani anamchapa au nani anamcheka darasani kwako. Kuhusu fimbo, ujue kanuni za mwaka 2002 haziruhusu zaidi ya viboko vinne, tena kwa idhini ya mwalimu mkuu na kwa kuandikwa kitabuni. Mimi nasema hata hivyo vinne havijawahi kumleta mtoro shule.

Mtendaji wa kijiji au mtaa mwache awe wa mwisho. Sheria ipo, na mzazi anaweza kufikishwa mahakamani, lakini ukianza na mtendaji hutakaribishwa tena ukumbini kwa watu. Nenda mwenyewe, bila karatasi mkononi, piga hodi, amkia wakubwa, kaa kwenye mkeka. Sababu yenyewe utaisikia unapoaga.

Jambo moja litakupata mapema, jiandae. Kaya zilizo kwenye mpango wa kunusuru kaya maskini wa TASAF, mfuko wa serikali wa maendeleo ya jamii, hutakiwa watoto wao wahudhurie angalau asilimia 80 ya siku za masomo, na mtoto akipungukiwa kaya hukatwa malipo. Kwa hiyo siku moja mama atakuja na kuku kwapani akuombe ugeuze alama nyekundu. Kuku usimpokee. Alama usiigeuze. Ila mfungulie daftari mbele yake, mwonyeshe kwa kidole siku gani na gani, na muulize siku hizo kulikuwa na nini. Atakwambia mengi kuliko utakayopata kwenye kikao chochote. Na mwambie mapema, katikati ya kipindi, wakati siku bado zinaweza kufidiwa.

Kwa waliopitwa na umri kuna madarasa ya MEMKWA, yaani Mpango wa Elimu ya Msingi kwa Walioikosa. Ulizia shule ya jirani kama kwako hakuna. Na tangu Novemba 2021 aliyekatiza masomo anaruhusiwa kurudi, hata binti aliyejifungua. Usisubiri waje kuuliza, wengi hawajui.

Nilipohama shule ile nilimkabidhi mwenzangu daftari la mahudhurio pamoja na kalenda yangu. Akaifungua, akaniuliza viduara hivi vyeusi na vyeupe ni vya nini. Nikamwambia asubiri giza linalofuata, ahesabu wavulana.