Maswali ya Wasomaji: Injini inakohoa na hali ya hewa nzuri tu

SWALI: Shikamoo fundi. Niko Leicester, Uingereza, nimejijengea kindege cha viti viwili gereji, injini ya Volkswagen. Juzi joto lilikuwa kama nyuzi 15, hakuna baridi ya maana, nikapunguza mafuta nishuke kutua injini ikaanza kukohoa. Nikavuta kishikio cha ile hewa moto ya kabureta (kinachopeleka hewa ya moto kwenye kabureta, kifaa kinachochanganya petroli na hewa) injini ikazidi kuwa mbaya, nikairudisha haraka. Nimekosea?

JIBU: Marahaba. Ndio umekosea, ila wengi wanaogopa hapo hapo. Hiyo inanuka barafu ya kabureta kabisa, maana petroli ikigeuka mvuke na hewa ikipita kwa kasi kwenye koo jembamba la kabureta joto linashuka sana, hata nyuzi 20 na zaidi, so siku ya nyuzi 15 yenye unyevu (na huko kwenu unyevu haukosi!) barafu inajijenga humo ndani, hasa ukiwa umepunguza mafuta. Ukivuta hewa moto barafu inayeyuka, injini inameza maji, lazima ikohoe. Vumilia, acha imevutwa mpaka itulie.

Chini, kabla ya kuruka, vuta ile hewa moto uangalie mizunguko ya injini. Lazima ishuke kidogo. Isiposhuka, waya umelegea au bomba limechomoka. Ikishuka halafu ikapanda yenyewe, barafu ilishaanza hapo hapo chini. Na ukigusa mfumo huo mwite mkaguzi wako wa LAA (chama cha ndege ndogo huko Uingereza) aone, usimfiche kitu.