Krediti noti haifutwi, wadogo zangu

Jumatatu nimemkuta kijana wa mafunzo kwa vitendo kidole kiko juu ya kitufe cha kufuta, krediti noti (hati ya kumpunguzia mteja deni) ya mwezi uliopita iko wazi. "Dada, nimekosea bei, nafuta naandika upya." Nikamdaka mkono. Kila kundi jipya linaniletea kidole hichohicho! Basi someni hapa kabla hamjapewa nywila ya mfumo wa hesabu.

1. Usiandike krediti noti bila karatasi ya stoo ya mzigo uliorudi, yenye sahihi. Simu si karatasi.

Hapa ndipo nilipoungua. Nilikuwa na miezi minne kwenye duka la jumla la rangi, Kariakoo. Mama mmoja wa Buguruni alichukua ndoo 100, kila moja 59,000 pamoja na VAT, jumla 5,900,000. Akarudisha 20 zilizovuja. Mimi kwenye simu nikasikia 30. Krediti noti ikatoka ya 1,770,000 badala ya 1,180,000, mama akalipa 4,130,000, invoisi (hati ya kumdai) ikajifunga, deni limekwisha. Tarehe 20 ritani ya VAT, taarifa ya kodi ya mwezi, ikaenda TRA.

Mwisho wa mwezi wakahesabu stoo: ndoo 10 hazionekani. Mzee wa stoo, aliyekuwa akiniletea chai kila saa nne asubuhi, akaitwa kwa bosi. Ukuta ulikuwa wa mbao, nilimsikia: "Bosi, mimi nimepokea ishirini." Nikafungua krediti noti yangu, nikaiona ile 30. Badala ya kuinuka nikaseme, nikaifuta. Nikaandika nyingine ya ndoo 20, tarehe ya siku ile.

Stoo ikakaa sawa. Lakini VAT ya mwezi uliopita kwenye leja (daftari la hesabu) ikaizidi ritani kwa 270,000, yaani VAT ya zile ndoo 30 nilizozifuta, na invoisi ya mama ikafunguka tena. Mzee alikuwa ameshaandikiwa barua ya onyo, nami nikanyamaza siku mbili nzima. Siku ya tatu mama akaingia, kapokea taarifa ya deni inayomdai 590,000. Akatoa kwenye pochi karatasi iliyokunjwa mara nne, akaiweka mezani kwangu, akaipapasa mpaka ikanyooka. Mhuri wetu, sahihi yangu, namba ambayo kwenye mfumo haipo. "Mwanangu, hii si umeandika wewe?"

Nikaenda kwa bosi nikasema yote. Barua ya onyo ilichanwa mbele yangu. Mzee akaniambia yameisha, mwanangu. Chai ya saa nne hakuniletea tena.

2. Ukikosea krediti noti, iachanishe kwanza na invoisi, kisha ibatilishe kwa ingizo la kuigeuza (kiasi kilekile, upande wa pili), tarehe ya leo, namba ya zamani kwenye maelezo. Ukiwa umezidisha kiasi tu, toa debiti noti (hati ya kumwongezea mteja deni) ya tofauti. Yangu ingekuwa ya 590,000, VAT 90,000 ikiwa ndani yake. Dakika tano, na mzee asingeitwa na mtu.

3. Mwezi uliofungwa hesabu usiuguse. Programu kukukubalia si mhasibu mkuu kukukubalia.

4. Mashine ya EFD, ile ya risiti za kodi, haisahau. Ukitoa risiti mpya ukidhani ya zamani imekufa, zote mbili zinahesabika kwenye ripoti ya Z (jumla ya mauzo ya siku), na kodi unajidai mara mbili.

5. Mpigie mteja kabla taarifa ya deni haijamfikia. Hili mnalikwepa kuliko yote, mnajificha nyuma ya kompyuta kama vile mteja hana macho. Krediti noti ya yule kijana wa Jumatatu tuliigeuza pamoja, tukaandika mpya yenye bei sahihi, kisha nikamsukumia simu. Sauti ilimtetemeka mpaka nikamhurumia. Mteja akacheka: bei ile alishaiona tangu wiki iliyopita, alikuwa anangoja kuona ni nani kati yetu atakayepiga.