Mstari sambamba: usiuguse upande wa kushoto

Mdogo wetu wa Kidato cha Nne, Moshi, ametuandikia kuhusu swali hili: tafuta mlinganyo wa mstari unaopita kwenye nukta (4, −5), ulio sambamba na 3x + 2y = 12. Kapata 3x + 2y = −22, na kitabu kinamkatalia. Kakosea sehemu moja tu.

Itazame reli ya Moshi kwenda Arusha pale inaponyooka. Vyuma viwili vimeachana mita 1 na haviachi kuwa hivyo. Kimoja kikipanda, cha pili kinapanda kwa kiasi kilekile. Mistari sambamba inachoshirikiana ni mteremko, ule mnaouita slopu darasani. Mahali ndipo panapotofautiana.

Basi utafute mteremko. Iache y peke yake: 2y = −3x + 12, gawa kila kitu kwa 2, upate y = −3/2x + 6. Mteremko ni −3/2. Wengi huandika 3 au −3 kwa kuwa wamekimbilia namba iliyo mbele ya x wakati y bado ina 2 yake. Ile 6 achana nayo, ni ya mstari wa zamani. Na usiupindue mteremko kuwa 2/3. Huo ni wa mistari inayokatana kwa nyuzi 90.

Sasa ingiza nukta, na mabano uyaandike hata ukiwa na haraka:

y − (−5) = −3/2(x − 4)

Kushoto panakuwa y + 5. Zidisha pande zote kwa 2:

2y + 10 = −3(x − 4)

Hapa ndipo mdogo wetu alipoteleza. −3 mara −4 ni +12. Yeye kaandika −12. Ukifungua mabano sawasawa, 2y + 10 = −3x + 12, na ukivusha unabaki na 3x + 2y = 2. Wadogo zangu, tafadhali, alama ya hasi ipeni heshima yake. Hesabu yote ilikuwa sahihi, ikaharibiwa na kistari kimoja.

Iko njia fupi zaidi, na inasikitisha kwamba wengi hawaitumii hata kuhakiki. Upande wa kushoto wa mstari sambamba unaweza kubaki vilevile, 3x + 2y. Inayobadilika ni namba ya kulia. Weka nukta: 3(4) + 2(−5) = 12 − 10 = 2. Kwisha. Swali likitaka y ikae peke yake, andika y = −3/2x + 1.

Mstari uliosimama wima, kama x = 7, hauna mteremko wa kukokotoa kwa sababu utagawa kwa sifuri. Sambamba wake kupitia (4, −5) ni x = 4. Na ukipewa (2, 3) kwa mstari wetu wa kwanza, utapata 12 ileile: nukta hiyo iko juu ya mstari wenyewe, hivyo hujapata mstari wa pili.