Jibu: Kwa nini wasiombe viza tu?

Mkuu, umeuliza kwa nini mtu avuke mpaka kwa siri badala ya kuomba viza kama wengine. Tatizo ni kwamba umechukulia dirisha la kuomba lipo. Kwa anayekimbia vita, mara nyingi halipo: kwa kawaida lazima kwanza afike nchi husika ndipo aombe hifadhi. Ndiyo maana Mkataba wa Wakimbizi wa 1951, kifungu cha 31, unakataza kumwadhibu mkimbizi kwa kuingia bila kibali, mradi ametoka moja kwa moja kwenye hatari na kujisalimisha kwa mamlaka bila kuchelewa, akiwa na sababu ya msingi ya kuingia hivyo. Wengi wanaobishana humu hawajawahi kukisoma.

Aliyeingia kihalali naye hajatua mzigo. Kibali cha kazi mara nyingi kimefungwa kwa mwajiri mmoja. Akipunjwa saa za ziada ananyamaza, maana akifukuzwa leo, siku zake za kubaki zinaanza kuhesabiwa. (Halafu tunashangaa kwa nini hawalalamiki!)

Lugha nayo ni shughuli. Mtoto wa miaka 9 anakaa katikati ya daktari na mama yake, anatafsiri ugonjwa ambao mama asingependa mwanawe aujue.